Kabla Ngazi Haijaegemezwa Ukutani: Paa la Pwani na Hati ya Bima

Nyumba nyingi za watu binafsi hapa Tanga hazina bima, na chache zilizo nayo huwa nayo kwa sababu benki ilidai. Mtu amechukua mkopo wa nyumba, au ameweka hati ya kiwanja rehani ili apate mtaji wa biashara, na afisa wa mikopo akamweleza kuwa jengo lazima likatiwe bima ya moto na majanga mengine. Ada inakatwa kwenye akaunti mara moja kwa mwaka, hati inakaa katika faili la benki, na mwenye nyumba anaendelea na maisha yake hadi usiku ambao maji yataanza kudondokea kitandani. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika bima mimi pia, nikiwa na nyumba ya bati huku Chumbageni, na jambo la kwanza ninalomshauri yeyote mwenye hali kama yangu ni kwenda kuomba nakala ya hati ile na kuisoma akiwa ametulia, kabla masika haijaanza kugonga.

Akiisoma atagundua kuwa hati haizungumzii paa kama kitu kinachovuja. Inazungumzia matukio: moto, radi, mlipuko, dhoruba, mafuriko, kupasuka kwa mabomba, gari kugonga jengo, na pengine tetemeko la ardhi na vurugu, kila tukio likiwa na masharti yake na baadhi yakiongezwa kwa ada ya ziada. Baada ya orodha hiyo huja ya pili, ya mambo yasiyolipwa, na humo ndimo paa la mtu wa pwani linamopata taabu: uchakavu wa kawaida, kutu, kuoza, mchwa, uharibifu unaojitokeza kidogo kidogo, kasoro za ujenzi, na kukosa matunzo. Katika hati nyingi kuna pia kifungu kifupi ambacho wasomaji hukiruka, kinachosema kuwa maji ya mvua yaliyoingia ndani yatalipwa ikiwa tu dhoruba yenyewe ndiyo iliyotoboa au kung'oa sehemu ya paa na maji yakapitia hapo. Mvua iliyopenya kwenye tundu la msumari lililokuwepo tangu mwaka juzi haihesabiwi kuwa dhoruba kwa maana ya hati, hata kama usiku huo barabara zote za Ngamiani ziligeuka mito.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo watu huulizana barazani, la kama mwenye nyumba apande mwenyewe au amwite fundi, mimi naliona kuwa nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kama kazi hiyo, kwa mkono wa yeyote iliyofanyika, itaweza kuthibitishwa siku mkadiriaji wa hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, atakaposimama uani na kamera yake. Kampuni ya bima hulipa kilichotokea ghafla na hukataa kilichokuwa kinakuja polepole, na kitu pekee kinachotenganisha mambo hayo mawili, baada ya paa kwisha kuharibika, ni kumbukumbu ya matengenezo.

Mpaka huo kati ya ghafla na polepole ni mwembamba zaidi pwani kuliko bara, kwa sababu ya chumvi. Upepo wa kusi unaovuma kuanzia Aprili hivi, na wa kaskazi unaoushika zamu kuanzia mwishoni mwa mwaka, yote miwili hupita baharini kwanza, na hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya bati na chini yake. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo bati hubaki na ubichi hata siku ambayo haijanyesha, na kloridi iliyomo humo huishambulia zinki iliyopakwa juu ya chuma. Zinki hujitoa yenyewe ili chuma kilicho chini yake kisiliwe na kutu, na maadamu ipo, mkwaruzo mdogo hauna madhara makubwa. Ikishaisha, chuma hubaki uchi na kutu ya rangi ya udongo hutokea ndani ya misimu michache. Bati za aluzinki, ambazo tabaka lake ni takriban asilimia 55 alumini, asilimia 43.4 zinki na silikoni kidogo, hudumu zaidi ya zile za zinki tupu, lakini hata hizo watengenezaji wengi huziwekea sharti la umbali kutoka baharini katika dhamana zao, na ni watu wachache wanaouliza juu ya sharti hilo wanapolipia dukani.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kuwa sehemu ya juu ya paa, inayopigwa na mvua moja kwa moja, mara nyingi ndiyo yenye afya. Mvua huisafisha. Kutu huanzia pale ambapo chumvi hutua na mvua haifiki: chini ya bati kwenye upenu, katikati ya bati mbili zilizopandana, chini ya kofia ya juu ya paa, na nyuma ya gata lililojaa majani ya mwembe. Fundi anayenitengenezea alinionyesha jambo hili siku moja alipofungua bati la pembeni upande wa bahari. Juu liling'aa kama la jana. Alipoligeuza, ukingo wake wote uliokuwa umelaliwa na bati jirani ulikuwa umekwisha kuwa kama biskuti iliyolowa, ukivunjika kwa kidole. "Mama, ungeliangalia kutoka barabarani miaka kumi usingejua," alisema, na akaliweka kando nilipige picha. Tangu hapo tunauosha upenu kwa maji ya bomba kipindi cha kiangazi, kazi ambayo haihitaji fundi wala ngazi ndefu, ila mpira wa maji na mtu mwenye subira.

Unene nao una hesabu yake. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba: kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza, geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 ni karibu 0.31, na geji 32 haifiki 0.28. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini bati jembamba hupinda linapokanyagwa, hutetemeka zaidi kwenye upepo, na kila linapotetemeka hupanua tundu la msumari uliolishika. Sipendi kumfundisha mtu namna ya kutumia fedha zake, ila anayejenga Raskazone au Mwambani, karibu na bahari, akaezeka kwa geji 32 ili abakize fedha za vigae vya sebuleni ananifanya nishindwe kujizuia kusema.

Nirudi kwenye hati, kwa kisa ambacho nilikishuhudia kwa karibu. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aling'olewa bati kadhaa na upepo usiku wa masika, jikoni na chumba kimoja cha watoto vikalowa, dari la jipsamu likaporomoka. Alikuwa na bima, alitoa taarifa asubuhi ile ile, na baada ya siku kadhaa akaja kijana mkadiriaji kutoka Dar es Salaam, mpole, akamwamkia shikamoo mama kwa heshima zote kisha akaomba ngazi. Sisi tulidhani angeangalia dari na godoro. Kumbe muda mwingi aliutumia kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, akipiga picha tundu moja moja. Mahali ambapo msumari ulikuwa umeng'oka kwa nguvu, mbao ilikuwa imechanika na nyuzi zake zilikuwa nyeupe, aliandika. Mahali ambapo mbao ilikuwa nyeusi, laini, na msumari umebaki kijiti chembamba chenye kutu, aliandika pia, na hayo ndiyo yaliyokuwa mengi. Aliokota misumari iliyoanguka uani akaitia katika mfuko wa nailoni. Kisha akauliza swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho paa hili lilifanyiwa matengenezo lini, na nani?"

Paa lilikuwa limetengenezwa. Mwaka uliotangulia fundi alikuwa amebadilisha bati za upande wa mbele, amepaka lami kwenye viungo na kupigilia upya misumari, na malipo yalifanyika kwa fedha taslimu juu ya ngazi. Hapakuwa na karatasi, picha, wala namba ya fundi iliyokuwa bado inapatikana, na bati zenyewe zilinunuliwa na fundi ambaye aliondoka na risiti, kama aliichukua. Kampuni ililipa sehemu, ikakata sehemu kubwa kwa maelezo kuwa mbao na misumari vilikuwa vimechoka kabla ya upepo. Nilikasirika kwa niaba yake, na bado naona kuwa kampuni ile ilijipendelea katika kukadiria, lakini nikisema kweli mkadiriaji alisoma alichokikuta. Bati mpya za mbele zilikuwa zimepigiliwa kwenye papi ya zamani, na yeyote aliyezoea mbao angeliona hilo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa ukimwita fundi umejikinga. Fundi asiyeacha karatasi, mbele ya kampuni ya bima, ni sawa kabisa na mwenye nyumba aliyepanda mwenyewe na nyundo ya jirani. Kinyume chake, mwenye nyumba aliyebadilisha raba za skrubu kwa mkono wake, akatunza risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, yenye tarehe, na akapiga picha kabla na baada kwa simu, ana ushahidi bora kuliko wa mwalimu wetu. Hati nilizozisoma hazisemi kuwa matengenezo lazima yafanywe na mtu mwenye cheti; zinasema mwenye bima achukue hatua za busara kulitunza jengo. Busara hiyo, hata hivyo, inatafsiriwa na anayelipa, na kazi mbovu ya mwenye nyumba huitwa kasoro ya ujenzi kwa urahisi zaidi kuliko kazi mbovu ya fundi mwenye jina na anwani.

Nani basi apande? Kwa maoni yangu mwenye nyumba anaweza kufanya mwenyewe yale yanayofikika akiwa amesimama kwenye ngazi iliyoegemezwa vizuri, na mtu wa pili ameishika chini: kuzoa majani kwenye gata, kuosha upenu, kupaka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo, kubadilisha skrubu moja iliyolegea karibu na ukuta. Hata kazi hizo zina namna yake. Raba ya skrubu hukauka kwa jua hadi ikapasuka, na mtu akiiona imepasuka hukimbilia kuikaza zaidi, jambo linaloiumiza, kwa sababu raba iliyokazwa kupita kiasi huchomoza pembeni na kuchanika upya. Inatosha ikazwe hadi raba ianze tu kujitokeza chini ya kofia ya chuma. Tundu likishapanuka, skrubu ya unene ule ule haitashika tena na lazima iletwe nene kidogo. Viraka vya lami na silikoni ni vya kumvusha mtu mvua zikipita, na kuviita ukarabati ni kujidanganya.

Kinachohitaji fundi ni chochote kinachomtoa mtu kwenye ngazi na kumpandisha juu ya bati lenyewe. Kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida kunatosha kumvunja mtu mgongo, na bati lililolika kwa chini, kama lile nililolieleza, halimwonyi anayelikanyaga. Fundi aliyezoea hutembea juu ya mistari ya misumari kwa sababu anajua kuwa chini yake kuna papi. Asiyezoea hukanyaga katikati. Kubadilisha bati, kugusa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kurekebisha vale, yaani ule mfereji ambapo mapaa mawili hukutana, na kufungua kofia ni kazi za fundi, na kenchi ikiwa imepinda au imeliwa na mchwa ni vizuri pia pawepo na mtu mwenye elimu ya majengo wa kutoa maoni yake. Majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa shiti za asbesto nayatenga kabisa: zisikatwe, zisitobolewe, zisipigwe brashi, na mwenye nyumba wala fundi wa mtaani asizivunje, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa pumzini husababisha saratani baada ya miaka mingi.

Fundi naye ana yake ya kuangaliwa, na nayaandika kwa sababu kutoka chini mtu anaweza kuyaona mengi bila kupanda. La kwanza ni mashine ya kukatia yenye jiwe la kuzunguka. Fundi wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya haraka, lakini joto lake huunguza tabaka la zinki au aluzinki kwenye ukingo, na cheche zake hutua juu ya bati zima zikawa madoa ya kutu baada ya wiki chache. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati. La pili ni mahali pa msumari: kwenye bati la migongo ya kawaida msumari hupigwa juu ya mgongo, ambapo maji hayapiti, na anayepiga kwenye bonde kwa sababu ni rahisi kuibana mbao ametengeneza tundu katikati ya mfereji. La tatu ni mpangilio wa kupandana kwa bati. Fundi wa pwani anayejua kazi huanza kuezeka kutoka upande ambao upepo hautoki, ili mdomo wa kila bati uupe upepo mgongo, na mapandio ya pembeni huyafanya mgongo mmoja na nusu au zaidi. Anayeanza popote ngazi ilipoegemea huacha midomo iliyo wazi upande wa bahari, na mvua ya masika, ambayo hapa haishuki wima, hupanda ndani kwa kusukumwa. Vipande vya chuma vinavyobaki baada ya kutoboa lazima vifagiliwe siku hiyo hiyo. Mwambie fundi akupigie picha ya mbao kabla hajafunika, maana baada ya hapo hakuna atakayeiona isipokuwa mkadiriaji.

Ninaposema fundi simaanishi mkandarasi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inasajili kampuni za ujenzi, lakini kwa bati tano za jikoni hakuna atakayekuletea kampuni, na gharama yake isingekuwa na maana. Kati ya mkandarasi na kijana wa kijiweni yupo fundi mwenye cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina chuo hapa Tanga na ambayo pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kukaa darasani. Nimekuwa nikiwapendelea hao wa mwisho, kwa sababu wana mikono ya miaka mingi na sasa wana karatasi ya kuonyesha. Makubaliano tunayaandika katika daftari la kawaida: kazi gani, bati geji gani na ngapi, nani ananunua, lini inaanza, malipo kwa awamu, na kwamba akirudi mvua ya kwanza akakuta panavuja atarekebisha bila kudai ujira. Anasaini, nasaini, napiga picha ukurasa. Mafundi wengine huona ni kutowaamini. Wangu alicheka, kisha akasema angependa wateja wote wawe hivyo, kwa kuwa yeye pia amedhulumiwa sana na watu waliokana makubaliano ya mdomo. Vifaa nanunua mwenyewe, kwanza kwa sababu ya risiti, pili kwa sababu geji iliyoandikwa kwenye bati na geji iliyopo si ndugu kila siku.

Kuna kazi juu ya paa ambazo hatuziiti matengenezo na ndizo zinazotoboa zaidi. Kijana wa kufunga dishi hupiga skrubu nne mahali pazuri kwa mawimbi ya matangazo bila kujali maji. Fundi wa sola hukanyaga popote. Anayepandisha tangi la maji juu ya kenchi ambazo hazikujengwa kwa mzigo huo hupindisha paa taratibu, kwa sababu lita 1,000 za maji ni tani moja. Mambo hayo huhusu bima kwa njia ya pili pia, kwa kuwa hati inamtaka mwenye nyumba aitaarifu kampuni anapobadilisha jengo kwa namna inayoongeza hatari. Mfano wa huku kwetu ni banda la makuti. Mtu ana nyumba ya bati iliyoandikwa hivyo kwenye fomu, kisha anaongeza baraza la makuti lililoshikana na ukuta kwa ajili ya kupungia upepo au kuuza chai na chapati, na moto wa jiko la mkaa ukipanda makuti yale, kampuni ina haki ya kuuliza kwa nini haikuambiwa. Wasiwasi huu si wa kubuni: kwenye fomu ya maombi swali la aina ya paa na kuta lipo, na ada hupangwa kulingana na jibu.

Nyumba za mtindo mpya za paa la kuficha, ambazo bati lake lenye mwinamo mdogo hukaa nyuma ya ukuta mfupi, sitazisema kwa urefu, ila nasema kuwa kwa mvua za Tanga zinadai matunzo maradufu. Majani yakiziba njia ya maji, maji hujaa nyuma ya ukuta ule kama bwawa na kutafuta kila kiungo. Kampuni ya bima itaita hilo gata lisilosafishwa, na hapo sina la kuitetea nyumba.

Mtandaoni ushauri juu ya paa na bima ni mwingi, lakini mwingi wake ni wa Marekani, ambako nyumba huezekwa kwa vigae laini vya lami na ambako karibu kila mwenye mkopo wa nyumba ana bima. Huko hati hutofautisha kulipwa gharama ya paa jipya na kulipwa thamani ya paa kuukuu baada ya kupunguza umri wake, na katika jimbo la Florida umri wa paa umekuwa ugomvi hadi mwaka 2022 ikapitishwa sheria inayozuia kampuni kumkataa mteja kwa sababu tu ya umri wa paa lisilofikisha miaka 15. Funzo la kuchukua huko ni swali la kumuuliza wakala hapa: je, hati yangu inalipa bati jipya kwa bati kuukuu, au inakata uchakavu? Jibu hilo linabadilisha kila kitu, na liandikwe.

Swali jingine la kuuliza ni la thamani iliyokatiwa bima, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapunjwa bila kuonewa. Tuchukue nyumba ambayo kuijenga upya leo kungegharimu shilingi milioni 80, lakini hati inasema milioni 40, kwa sababu ndiyo iliyokuwa thamani mkopo ulipotolewa au ndiyo iliyokuwa salio la mkopo. Upepo ukaharibu paa kwa hasara ya milioni 10. Kwa kuwa nyumba imekatiwa nusu ya thamani yake, kampuni kwa kanuni ya bima pungufu inalipa nusu ya hasara, yaani milioni 5, kisha inakata ekses, kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila dai. Hapo fundi awe bora namna gani, na risiti ziwe nyingi namna gani, milioni nyingine 5 hazitoki popote. Bei za saruji, nondo na bati hazijakaa mahali pamoja. Thamani kwenye hati huwa imekaa.

Dhoruba yenyewe ikipita, hatua za kwanza ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu mwenye nyumba anataka kuziba na kampuni inataka kuona. Hati inamtaka mwenye bima azuie hasara isiendelee, kwa hiyo kuacha chumba kiloane hadi mkadiriaji aje ni kosa linaloweza kupunguza malipo. Picha zipigwe kwanza, za mbali na za karibu, za juu na za ndani. Kisha turubai lifungwe, godoro na mchele vihamishwe, umeme uzimwe kwenye vyumba vilivyolowa. Matengenezo ya muda yanaruhusiwa na risiti zake zitunzwe. Matengenezo ya kudumu yasubiri kibali, au walau barua pepe inayosema endelea. Bati zilizong'oka na misumari yake zisiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao baada ya upepo hufika mapema kuliko mtu wa bima. Taarifa itolewe ndani ya muda uliotajwa kwenye hati, na mwenye nyumba aliyepo Dar es Salaam aliyeacha nyumba ya Tanga ikiwa tupu akumbuke kuwa hati nyingi hupunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa muda mrefu, mara nyingi siku 30 mfululizo.

Jirani yangu mwalimu hakukubali malipo yale moja kwa moja. Aliandika barua kwa kampuni akiomba taarifa kamili ya mkadiriaji, na alipoipata aligundua kuwa mbao za chumba cha watoto, ambazo zilikuwa zimechanika kwa nguvu, zilihesabiwa pamoja na zile zilizooza. Tuliandaa picha za ndugu zake walizopiga kwenye sherehe mwaka uliopita, ambazo kwa bahati zilionyesha bati mpya za mbele zikimeta nyuma ya watu, na fundi mwingine akaandika makadirio ya chumba kimoja kimoja badala ya paa zima. Kampuni iliongeza kiasi. Kama isingeongeza, njia iliyobaki ilikuwa kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, sheria ile ile inayoipa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kazi ya kuzisimamia kampuni hizi. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na barua yake ya kukataa ndiyo inayofungua mlango unaofuata, kwa hiyo jibu la simu la "tutakurudia, mama" lisikubaliwe kuwa jibu.

Kwa sasa paa langu lina bati mpya tatu upande wa bahari na papi mpya chini yake. Upande wa nyuma, ambako mwembe wa jirani umelalia kofia, tumekubaliana na fundi kuushughulikia mwezi wa tisa, kusi likiwa limepungua nguvu na vuli haijafika, baada ya jirani kukubali tawi likatwe. Hilo la tawi nalo nimemwomba aliandike.